Milango ya Hermoni

Rhyd-las, Wales
3 Machi 1896

Mwanangu Lowri,

Pokea salamu zangu, na nyingine umpe Mabli kwa busu, moja kila shavu. Sisi huku hatujambo, ila kifua cha baba yako kimebana tangu theluji ilipoanza kuyeyuka, na goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko almanaka. Nyinyi huko Liverpool mnaendeleaje na ule moshi? Mtoto bado anakohoa? Mpake mafuta ya bata bukini kifuani, na daktari akisema vinginevyo mwache aseme.

Habari kubwa ni kwamba Hermoni inabomolewa. Usishtuke, kanisa letu halijaungua wala halijaanguka. Wabatisti wa Moria, hapo ng'ambo ya barabara, wamemaliza kujenga kanisa lao, na limetoka na nguzo mbili mbele, vioo vya rangi, na mwaka wa kujengwa umechongwa juu kwa tarakimu kubwa kama bango la sarakasi. Tangu siku hiyo watu wetu hawana raha. Wote wameona ghafla kwamba Hermoni inavuja, kwamba ni finyu, kwamba inafanana na ghala la shayiri. Imefanana na ghala la shayiri tangu nilipobatizwa mimi na hakuna aliyelalamika. Sasa tutakuwa na nguzo nne. Nilipouliza kwa nini nne, Pritchard Duka alinikazia macho: "Mama Parry, kwani mbili zina utukufu gani?"

Baba yako yumo katika kamati ya ujenzi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na kwa kuwa hakuna seremala mwingine hapa kwenye machimbo ya mawe anayeweza kubishana na msanifu wa majengo bila kumtupia nyundo.

Sasa nisikilize. Kanisa jipya litafunguliwa mwakani, wakati wa masika, na nataka uje. Mtoto anakaribia miaka minne na sijamshika hata siku moja. Nimechoka kuwa bibi wa barua. Unamjua baba yako. Anashikilia kwamba aliyetengwa na kanisa arudi mwenyewe, aingie, aonekane, kisha kikao cha washirika kimpokee kundini, na mpaka hapo hana nyumba ya kurudi. Kwako hataki niende. Jina lako halitaji. Lakini tarishi akipita huuliza, "Kuna nini?" na anajua vizuri kuna nini.

Njoo, mwanangu.

Ni mimi,
Mama yako

*

Liverpool
15 Machi 1896

Mama mpendwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwangu na kwa Mabli. Sisi ni wazima. Kikohozi kimemwisha, mafuta ya bukini yamefanya kazi, ila chumba kizima kinanuka bata wa Krismasi. Bado nawapikia waashi wetu wa Kiwales hapa kwenye nyumba ya wapangaji. Wanajenga mitaa mizima, nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mabega, kila moja na ua lililochorwa kwenye kioo cha juu ya mlango, na wakirudi jioni vumbi lao jekundu linaingia mpaka kwenye supu.

Mama, siji.

Huku nimeingia makanisa mengi, na yote mlango uko nyuma. Unaingia taratibu, unakaa, hakuna anayejua. Ni sisi tu tulioweka milango miwili ukuta wa mbele, mimbari katikati, ili anayechelewa atokee chini ya pua ya mchungaji na kanisa zima limtazame usoni kama ng'ombe wa mnada. Mnasema ni kwa ajili ya kufundisha watu kuwahi.

Siku walipopiga kura ya kunitenga, nilitoka kwa mlango ule. Baba yake Mabli alikuwa ameshapanda meli ya Amerika, kwa hiyo nilitoka peke yangu, na tumbo langu, nikapita mbele ya kiti kirefu cha wazee, chini ya mimbari. Sketi yangu iligusa goti la Baba. Hakulisogeza, wala hakuinua macho, na mkono wake ulikuwa juu pamoja na mikono mingine. Sina kinyongo na sheria, niliijua kabla sijaivunja. Lakini kuupita mlango ule tena, nikiwatazama wote, na mtoto mkononi, siwezi.

Wajenge mlango nyuma, nitakuja hata kwa miguu.

Binti yako,
Lowri

*

Rhyd-las
20 Aprili 1896

Mwanangu Lowri,

Salamu tele. Tu wazima, kifua cha baba yako kimeachia, na kuku mwekundu ameanza kutaga tena baada ya mgomo mrefu.

Nimefanya jambo na usinigombeze. Barua yako niliisoma kwa sauti, nikijifanya namsomea paka. Baba yako alikuwa karibu na moto ananoa msumeno. Nilipofika pale pa goti, tupa ikasimama. Nikasoma mpaka mwisho. Akasema, "Paka huyo ameelewa?" Nikamwambia paka ana akili kuliko wengi. Akarudi kunoa.

Sasa sikia. Msanifu amekuja, kijana mwenye masharubu yaliyopakwa nta, akatandaza michoro yake kwenye meza ya kamati. Nje, upande wa barabara, tao kubwa na nguzo nne, ndani roshani pande tatu, sakafu imeinama kidogo ili wa nyuma waone, na milango nyuma ya watu, kwa mtindo wa siku hizi. Baba yako alikuwa ameshatangaza, duka zima likimsikia, kwamba kanisa lenye milango nyuma ni ukumbi wa michezo. Kwa hiyo wote walimgeukia yeye aupige chini mchoro. Yeye akasimama na kusema, "Milango ikae nyuma."

Pritchard Duka nusura ameze kalamu. "Tudur Parry, u mgonjwa?"

"Wachungaji wetu ndio wagonjwa," akamjibu. "Wanahubiri kati ya milango miwili, upepo unawaingia kulia na kushoto. Mmoja tumemzika, wa pili anakohoa mpaka Amina."

"Na anayechelewa tutamjuaje?"

"Mungu anamjua. Wewe una haja naye gani?"

Haya nimeyapata kwa mke wa katibu, na huyo hapunguzi chumvi, lakini ile ya Mungu ni ya baba yako kabisa. Kamati imegawanyika, kwa hiyo suala linakwenda kwenye kura ya washirika wote. Baba yako alirudi nyumbani kama kawaida. Alikula viazi vyake, akanywa mtindi wake, akaniuliza kama paka amepata barua nyingine.

Mama yako

*

Liverpool
2 Mei 1896

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, tena leo zaidi ya jana. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Niliwasomea waashi mezani ile ya "wewe una haja naye gani", wakagonga vikombe. Mwashi mmoja, Gomer, anasema hajapata kusikia kanisa zima likigeuzwa kisogo kwa ajili ya mwanamke mmoja, na kama nguzo nne ni nzito kugeuza yuko tayari kuja kusaidia.

Sitaki kuamini mapema. Lakini nimemshonea Mabli gauni la bluu, na nimeacha upindo mkubwa chini ili limfae mpaka mwakani. Nimemwambia ana babu anayetengeneza milango. Ameuliza kama babu huyo ana pua.

Mwambie paka nimemsalimu.

Binti yako,
Lowri

*

Rhyd-las
14 Juni 1896

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Kura tumeshindwa. Milango inabaki mbele.

Nikueleze ilivyokuwa, maana utasikia mengine. Wanaume walikaribia kulingana. Walioangusha jambo ni wanawake, na sababu yenyewe naona haya kuiandika. Mama Pritchard alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, "Kwa mlango wa nyuma, kofia yako ya Pasaka ataiona nani?" Basi. Kwa ajili ya manyoya ya mbuni na riboni, kanisa jipya lenye tao na nguzo nne litakuwa na milango ileile ya ghala, na mchungaji ataendelea kukohoa. Msanifu alijaribu kueleza kwamba hakuna kanisa linalojengwa hivyo tena popote. Wakampigia makofi, wakadhani anawasifu.

Mimi niliinua mkono wangu kwa ajili yako, na nilipotazama mbele nilimwona baba yako ameinua wake. Alikuwa mzee wa kanisa pekee katika kile kiti aliyeuinua. Aliushikilia juu muda mrefu hata baada ya kuhesabiwa, mpaka mchungaji akamwambia, "Bwana Parry, tumekuona."

Halafu, kama vile kejeli haijatosha, wakampa yeye kazi ya kutengeneza hiyo milango. Nilidhani atakataa. Amekubali, na amekwenda bandarini kuchagua mbao mwenyewe.

Nimelia, sikufichi. Lakini njoo hivyo hivyo, Lowri. Nakuomba.

Mama yako

*

Liverpool
29 Juni 1896

Mama,

Shikamoo. Tu wazima.

Asante kwa kunieleza. Nilijua. Mwambie Baba asante kwa mkono.

Siji, na tafadhali usiniombe tena. Ukiniomba ninakosa usingizi na asubuhi nawaunguzia waashi uji. Barua zangu usizisome kwa sauti.

Lowri

*

Rhyd-las
17 Januari 1897

Mwanangu Lowri,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mjukuu wangu. Hii ni barua ya nne bila jibu. Zile soksi za Krismasi zilifika? Kama una hasira nami, kasirika kwa maandishi, angalau nijue mnapumua. Afya zetu ni za watu wazima wakati wa baridi, hakuna jipya.

Kanisa limeezekwa. Mawe ya paa ni ya machimbo yetu wenyewe, ya zambarau, na mvua ikiyalowesha yanapendeza, siwezi kukana. Dari lina ua kubwa la lipu katikati, na taa ya gesi inaning'inia hapo. Roshani imezungushwa mbao za msonobari zilizopakwa rangi na kuchorwa mishipa ili zidhaniwe mwaloni, na Pritchard Duka anamwambia kila mgeni ni mwaloni. Kuhusu nguzo nne, kumbe hakuna aliyepima barabara. Moria iko karibu mno. Ukisimama nje huwezi kuziona zote kwa pamoja. Unaona mbili, unageuza shingo, unaona nyingine mbili. Pa kuziona vizuri ni ndani ya ukumbi wa Moria, dirishani. Wabatisti wamesema tunakaribishwa wakati wowote.

Milango ya baba yako imekamilika. Ni mwaloni wa kweli, hiyo. Ile ya zamani unakumbuka ililia kama nguruwe, kila kichwa kikainuka. Hii ameipiga randa, ameilainisha bawaba kwa nta na mafuta, akaifungua na kuifunga jioni nzima mpaka nikamwambia imetosha, haichezi dansi. Haitoi sauti yoyote. Wakamwuliza ya nini kuhangaika hivyo, akasema kazi mbovu hupiga kelele.

Ufunguzi ni Alhamisi, tarehe sita Mei, asubuhi. Juzi tukiwa tunakula, baba yako akaniuliza, bila kuinua uso kwenye sahani, "Treni ya kwanza ya kutoka Liverpool inafika hapa saa ngapi?" Nikamwambia ni baada ya ibada kuanza, wimbo wa pili au wa tatu. Akatafuna. Akasema, "Basi atakayeipanda atachelewa." Akaomba chumvi.

Hilo tu. Sikuombi kitu, umenikataza. Nakupa habari za treni.

Mama yako

*

Liverpool
9 Mei 1897

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ule ukimya wote. Tumefika salama. Mabli alilala tangu kituo cha kwanza, mdomo umejaa mkate wako wa zabibu. Mwenye nyumba amenuna kwa sababu chakula cha jioni kilichelewa, lakini Gomer aliwamenyea viazi.

Siku yenyewe hatukupata kuongea. Mkono wangu ulishikwa na wanawake ambao hawakunisalimu nilipoondoka, chai ikamwagika, wewe ulikuwa umemng'ang'ania Mabli hata hukuweza kushika kikombe, na mara treni. Kwa hiyo nakuandikia sehemu yangu, nawe uniandikie yako, maana ndani sikuona kitu. Niliangalia viatu vyangu mwanzo hadi mwisho.

Nilipanda treni nikijiambia nitashuka njiani, Chester. Chester ikapita. Nikajiambia nitafika, nitalitazama kanisa kwa nje, nitarudi. Tulipopanda mlima mlikuwa mnaimba, nikazisikia sauti za besi za machimboni zinapasua kuta, na miguu ikakataa pale pale. Barabara ilikuwa tupu. Nikamgeuza Mabli turudi kituoni.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi wa duka la Pritchard, koti jeusi la Jumapili, kofia magotini. Baba, Mama. Ibada ya kufungua kanisa aliloliwekea milango kwa mikono yake inaendelea, na yeye yuko nje kama mtu anayengoja mkate uive. Sijui ameniona tangu lini. Nadhani aliniona nikigeuka.

Akasema, "Umechelewa."

Nikasema, "Treni, Baba."

"Ndiyo," akasema. "Nami nimechelewa."

Ni hayo tu. Mabli akamwendea, akamchunguza, akaniambia kwa sauti ya juu, "Anayo pua." Baba akaishika pua yake kuhakikisha. Kisha akasimama, kofia mkono mmoja, Mabli mkono mwingine, akasukuma mlango. Nikawafuata kwa sababu alikuwa na mtoto wangu.

Baada ya hapo ni viatu tu. Niambie, Mama. Walitazamaje? Na yeye alitazamaje?

Binti yako,
Lowri

*

Rhyd-las
16 Mei 1897

Mwanangu Lowri,

Salamu, na mshukuru huyo Gomer kwa viazi. Mwanamume anayemenya bila kuambiwa usimtupe upesi. Mimi mzima. Shavu langu bado lina harufu ya yule mtoto na nimeliosha kwa shingo upande.

Ndani ilikuwa hivi. Wimbo wa kwanza ukaisha, na katika kiti cha wazee nafasi ya baba yako ni tupu. Mtu ambaye katika maisha yangu yote ya ndoa hajachelewa hata mazishini. Mama Pritchard akaninong'oneza, "Ameanguka?" Nikasema sijui, na kweli sikujua, alitoka nyumbani kabla yangu. Pritchard Duka akawa anatoa saa mfukoni, anairudisha, anaitoa. Watu wamebanana mpaka kwenye ngazi za roshani, kofia mpya kama bustani, na nafasi ile moja inatutazama sote.

Wimbo wa tatu mlango ukafunguka. Hakuna aliyeusikia, na laiti ungekuwa nyuma hakuna ambaye angejua. Lakini uko mbele, kwa hiyo tuliona wote. Kwanza Mabli, katika bluu. Kisha baba yako. Kisha wewe, macho chini. Wimbo haukukatika, ila ulikonda. Sauti ya tatu ilipotea kabisa, na ya nne ikabaki na mtu mmoja kiziwi.

Umeuliza walitazamaje. Hawakukutazama wewe, Lowri, ingawa wangetaka. Walimtazama yeye. Mzee wa kanisa, mwenye kuwaandika wachelewaji tangu ujana wake, anaingia kwenye wimbo wa tatu siku ya ufunguzi, mbele ya wahubiri wageni, na hana haraka. Aliwatazama usoni mstari kwa mstari, kama anayekagua mbao. Nilipofikiwa mimi, akanikonyeza. Huyo mtu hajanikonyeza tangu tuposane. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Kiti chake kilikuwa hatua chache tu. Pritchard Duka alishasogea kumpisha. Akapita. Akaja nanyi mpaka benchi la mwisho chini ya roshani, pale wanapokaa waliotengwa, akakaa kati yako na ukuta. Ulidhani amekaa pale kwa ajili ya siku ile. Sote tulidhani.

Jumapili iliyofuata akakaa palepale, peke yake. Na leo tena. Mchungaji na wazee wawili wamekuja nyumbani kumwuliza amekosa nini, maana hawana kumbukumbu ya kumtenga. Akasema hajakosa kitu. "Basi rudi kwenye nafasi yako, Tudur," wakamwambia, "watu wanauliza." Akawajibu kwamba kuna mtu aliyekaa naye pale, na hawezi kurudi mbele akamwacha nyuma. Siku watakayompokea huyo, watampata na yeye. Mchungaji alikohoa kidogo, akasema anadhani jambo hilo linaweza kuwekwa katika kikao cha Juni. Pritchard Duka alikuwa mmoja wa wale wazee wawili. Alikuwa anamtazama dirishani mke wake, aliyemngoja nje barabarani.

Kwa hiyo ni kikao cha Juni, Jumatano ya pili, na treni ni ileile. Mlete na Mabli. Baba yako amesema nikuandikie hivyo, na alipolisema jina lako nilimwomba alirudie, nikijifanya sijasikia. Akalirudia.

Mama yako, na Baba yako